Kumfundisha Mtoto Kuogelea Ziwa Tanganyika: Mwongozo Kamili kwa Mzazi wa Kigoma

Tangu nilipoanza kuwafundisha watoto wangu watatu kuogelea, na baadaye watoto wa ndugu na majirani, wazazi wamekuwa wakinijia na shida ileile. Mtoto amekwenda ziwani kila Jumamosi kwa miezi miwili, anarusha mikono na miguu mpaka maji yanatapakaa, wenzake wanamshangilia. Lakini akifika mahali ambapo vidole vya miguu havigusi mchanga, anashikwa na hofu, anainua kichwa kutafuta hewa, na papo hapo mwili unasimama wima na kuanza kuzama. Mtoto huyo amejifunza kupiga maji. Kuogelea bado.

Kosa liko kwenye mpangilio wa mafunzo. Tumezoea kuanza na mikono kwa sababu ndiyo inayoonekana, na pumzi pamoja na kuelea tunaviacha vije vyenyewe. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo: pumzi kwanza, kisha kuelea, kisha kusimama, na mikono karibu na mwisho. Tafadhali usivuke hatua yoyote kabla mtoto hajafikia dalili ya kufaulu iliyoandikwa mwishoni mwake, hata kama anakulilia kwamba wenzake wamekwishafika mbele.

Mwongozo unafaa kwa mtoto wa miaka 5 na kuendelea. Mtoto mwenye kifafa, ugonjwa wa moyo au masikio yanayotoa usaha asianze kabla hajaonwa na daktari.

## Vitu vya kuandaa

Beseni pana. Lile la kufulia nguo linatosha. Mafunzo yanaanzia nyumbani.

Madumu matatu matupu ya lita 5, yenye vifuniko vinavyokaza. Ya mafuta ya kula yanafaa, ila yaoshwe kwa sabuni mpaka yasiteleze mkononi. Dumu tupu la lita 5 linaweza kubeba karibu kilo 5 juu ya maji, na hizo zinatosha kumweka mtoto kichwa chake kikiwa nje. Dumu moja litamsaidia kujifunza miguu, la pili litakuwa alama ya mpaka, na la tatu litafungwa kamba kwa ajili ya kumrushia mtu aliyezidiwa.

Kamba mbili. Moja ya mita 15 kwa dumu la kurusha, na nyingine fupi ya kufungia jiwe kwenye dumu la mpaka.

Upondo au mwanzi mkavu wa mita 3. Utaupimia kina, na ukihitajika utamnyooshea mtoto aushike.

Jaketi okozi la saizi ya mtoto. Mvalishe, funga mikanda yote, kisha mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno kwake, na majini litamvuka kichwa. Usikubali kuambiwa kwamba atalikulia.

Nguo za kubana zenye rangi kali. Nyekundu, ya machungwa au ya njano huonekana haraka majini; buluu na nyeupe hupotea. Kwa binti, fulana ya kubana na taiti humsitiri vizuri na hazimvuti chini. Kanga ibaki ufukweni, kwa sababu ikilowa hujikunja miguuni kama kamba.

Filimbi, taulo, nguo kavu, na chupa ya chai yenye uji wa moto.

Mtu mzima wa pili. Usipompata, ahirisha safari.

Kitu kimoja kisiende kabisa: mpira wa ndani wa tairi la gari. Alfajiri na asubuhi upepo mwepesi hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mtoto aliyekaa juu ya mpira huo husukumwa mbali polepole huku maji yakionekana yametulia. Akishtuka na kuruka, yuko kwenye kina.

Ninaongeza neno kuhusu mabinti. Katika familia nyingi za huku, kuogelea huachiwa wavulana, ilhali ni binti anayetumwa ziwani kuosha vyombo, kufua na kuchota maji. Huyo ndiye anayesimama kwenye mawe yenye utelezi kila siku. Ukiwa na nafasi ya kumfundisha mtoto mmoja tu mwaka huu, naomba uanze na yeye.

## Hatua ya 1: Kuchagua mahali na saa

Kina cha Ziwa Tanganyika kinafikia takribani mita 1,470, na kwa kina ni la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Kwa mzazi, uzito wa takwimu hiyo unaonekana palepale ufukweni: ziwa limelala ndani ya Bonde la Ufa, na mahali pengi kuta za bonde zinaendelea kushuka chini ya maji kama zilivyoshuka juu yake. Unaweza kutembea hatua nne maji yakiwa magotini, na hatua ya tano usipate chini.

Mwanangu wa pili alipokuwa na miaka 8 niliamini kwamba anajua kuogelea. Alikuwa amesimama maji ya kiunoni, amevaa jezi yake nyekundu, akaokota jiwe, akarudi nyuma hatua mbili ili alirushe vizuri. Nilikuwa namfunga mdogo wake kiatu. Nilipoinua macho niliona nywele na vidole vinne juu ya maji, na sauti haikusikika hata kidogo. Mvuvi aliyekuwa akishona wavu pembeni alinyoosha upondo wake, mtoto akaushika, akavutwa. Mvuvi yule hakusema neno. Alirudi kwenye wavu wake. Tangu siku hiyo sijamwingiza mtoto mahali ambapo sijapatembea mwenyewe.

Kuna jambo la pili linalodanganya hapa, nalo ni uangavu wa maji. Mwanga hupinda unapotoka majini, na chini huonekana karibu zaidi kuliko ilivyo: mahali penye kina cha mita 2 panaonekana kama mita 1.5. Watoto wa hapa huona mawe chini na kuamini kwamba watasimama juu yake.

Fanya hivi. Ingia mwenyewe na upondo kabla ya watoto. Tembea taratibu kuelekea ndani, ukichoma chini mbele yako. Mahali panapofaa ni pale unapopiga hatua 10 au zaidi za mtu mzima kati ya maji ya magotini na maji ya kifuani kwa mtoto. Ukifika pale mteremko unapobadilika, rudi hatua 3 na uweke alama: dumu lililofungwa jiwe. Hakuna mtoto atakayelipita.

Epuka maeneo yafuatayo:

- Mialo yenye shughuli, kama Kibirizi na Katonga, kwa sababu ya boti zenye injini, kamba, ndoano na chupa zilizovunjika.
- Midomo ya mito. Kwa wakazi wa Ujiji namaanisha hasa Mto Luiche. Maji ya mtoni yana tope, na mamba na viboko hupenda sehemu kama hizo.
- Ufukwe wenye majani ya majini. Hapo hukaa konokono wanaobeba vimelea vya kichocho.
- Kingo zilizofunikwa na maji tangu ziwa lilipopanda miaka ya karibuni. Chini yake kuna kuta, visiki na misumari ambayo zamani ilikuwa nchi kavu.

Kabla ya kuvua viatu, waulize wavuvi kama wameona mamba siku za karibuni. Wao wanakesha ziwani na karabai zao, wanajua. Wakisita kujibu, rudi nyumbani.

Kwa anayeweza kulipa kiingilio, fukwe za Jakobsen, ukipita Katonga, zina mchanga na utulivu unaowasaidia wanaoanza. Pima kina hata huko.

Kuhusu saa, chagua kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Upepo wa mchana unaotoka ziwani haujaanza kuinua mawimbi, na vimelea vya kichocho hutoka kwa wingi ndani ya konokono jua likiwa kali, takribani kuanzia saa 4 hadi saa 8. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini huwa na nguvu, na zipo asubuhi ambazo ziwa linaamka limekasirika; usishindane nalo. Wakati wa mvua, ukisikia radi hata ya mbali, watoto watoke, na wasirudi mpaka dakika 30 zipite tangu mngurumo wa mwisho.

Dalili ya kufaulu: unaweza kufumba macho na kueleza mahali mchanga unapoanza, mawe yalipo, na mteremko unapokatika.

## Hatua ya 2: Kugawana kazi ya ulinzi

Mtu mzima mmoja anafundisha, na mwingine analinda. Anayelinda hashiki simu, hapigi soga, na hafungi mtoto kiatu. Anahesabu vichwa kila baada ya dakika moja. Tukiwa na watoto zaidi ya watatu, mlinzi wetu huvaa filimbi shingoni na hawezi kuacha kazi mpaka aikabidhi kwa mwingine, mkono kwa mkono, akisema kwa sauti, "Ulinzi ni wako." Utaratibu huu unazuia lile jambo linaloua watoto penye watu wengi, ambapo kila mtu mzima anadhani mwenzake anatazama.

Anayefundisha hakai mbali na mtoto zaidi ya urefu wa mkono.

Dalili ya kufaulu: filimbi ikilia mara moja, kila mtoto anatoka majini bila kuuliza sababu. Fanyeni zoezi hilo mara mbili kabla ya somo la kwanza.

## Hatua ya 3: Pumzi, ndani ya beseni

Hatua hii inafanyika nyumbani kwa wiki moja, jioni, dakika 10 kila siku. Wazazi wengi huiona ya kitoto na kuiruka. Hao ndio wanaokuja kwangu baada ya miezi miwili.

Sababu yake ni hii. Mtoto anayebana pumzi majini anapoinua kichwa anatakiwa atoe hewa ya zamani na kuvuta mpya kwa wakati mmoja, na nafasi hiyo haitoshi. Maji yanamwahi mdomoni, anapaliwa, anaogopa, na mwili unakakamaa. Aliyetoa pumzi yote chini ya maji anabakiwa na kazi moja tu akiinua kichwa: kuvuta.

Jaza beseni nusu. Mweke mtoto apige magoti mbele yake, mikono ikishika ukingo.

Kwanza, apulize juu ya maji kama anayepoza uji, mpaka maji yafanye mawimbi madogo. Kisha midomo iingie majini na apulize viputo. Akizoea, mwambie aimbe "mmmm" kwa kufunga mdomo huku pua ikiwa ndani ya maji. Sauti hiyo inasukuma hewa puani mfululizo, na pua inayotoa hewa haiingizi maji. Watoto hupenda sana zoezi hili. Kitinda mimba wangu alikuwa akiimba mpaka beseni lote linatetemeka, na kila alipoinua uso alikuwa anacheka.

Mwisho, uso wote uingie mpaka masikioni, macho yakiwa wazi. Weka kijiko chini ya beseni na umwambie akuonyeshe kilipo.

Usimsukume kichwa. Hata mara moja, hata kwa mzaha. Mtoto aliyesukumwa kichwa majini huacha kumwamini anayemfundisha, na kuelea kwa hatua inayofuata kunasimama juu ya uaminifu huo.

Onyo jingine: piga marufuku mashindano ya kubana pumzi. Wavulana wakubwa hupumua harakaharaka mara nyingi kisha huzama kuona nani atadumu zaidi. Kupumua kwa namna hiyo kunaondoa ile hali ya mwili kudai hewa, na mtoto anaweza kuzimia chini ya maji kabla hajahisi kwamba amechelewa.

Dalili ya kufaulu: anaingiza uso na kutoa pumzi mara 10 mfululizo, akivuta hewa kila anapoinuka, bila kufuta maji usoni. Kufuta uso ni ishara kwamba maji bado yanamsumbua. Mwongezee siku mbili tatu.

## Hatua ya 4: Kuelea chali

Ningekuwa na ruhusa ya kumfundisha mtoto jambo moja tu, ningemfundisha hili. Mtoto anayejua kuelea chali anaweza kuchoka, kupotea, kupaliwa, au kuanguka kutoka kwenye mtumbwi, na bado akapata muda wa kuokolewa.

Ingieni mpaka maji yafike kiunoni kwa mtoto. Simama nyuma yake. Mwambie aegemee kwako taratibu kama anayelala kitandani, kisogo chake kikitua kwenye kiganja chako kimoja. Masikio lazima yaingie majini. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu sauti za nje hukatika ghafla na mtoto anahisi ametengwa na dunia; kwa hiyo mwambie mapema kwamba atasikia kimya, na akubaliane nawe kwamba atakutazama machoni muda wote.

Kosa nililofanya kwa binti yangu wa kwanza, nalo linarudiwa na karibu kila mzazi ninayemwona, ni kumbeba kwa mikono miwili chini ya mgongo. Wiki tatu nzima nilimbeba hivyo. Kila nilipomwachia, makalio yalishuka, akakaa majini kama aliye kwenye kiti, akazama. Nilidhani mwili wake ni mzito. Kumbe mikono yangu ilikuwa inafanya kazi ambayo mapafu yake yalipaswa kuifanya. Nilipobadilisha na kumwekea kiganja kimoja tu chini ya kisogo, aliinua kitovu mwenyewe kutafuta usawa, na siku hiyohiyo akaelea.

Mpe maelekezo haya, moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini:

1. Tazama mawingu, kidevu kiangalie juu.
2. Vuta hewa ijae kifuani, uibakishe kidogo, kisha iachie taratibu na uvute nyingine haraka.
3. Inua kitovu kana kwamba kuna kamba inakivuta juu.
4. Nyoosha mikono juu ya kichwa, viganja vikitazama mbingu.

Mikono hunyooshwa juu ya kichwa kwa sababu maalumu. Hewa inayotuelesha iko kifuani, na uzito wa miguu uko mbali nayo, hivyo miguu huelekea kushuka. Mikono ikienda upande wa pili, mizani inarudi. Baadhi ya watoto wembamba miguu yao itashuka tu. Waruhusu waitikise kidogo sana, bila kupiga.

Wageni kutoka Dar es Salaam waliojifunza baharini hushangaa kuona wanaelea chini zaidi huku kwetu. Maji yetu hayana chumvi ya kutosha kumbeba mtu kama bahari inavyombeba. Uso wa mtoto ukibaki nje na sehemu nyingine zote zikawa ndani, hilo ni sahihi. Usijaribu kumwinua zaidi.

Baada ya siku kadhaa, punguza kiganja kibaki vidole viwili, kisha kimoja, kisha uviondoe bila kumwambia lakini ukibaki palepale. Akikuuliza kama umemwachia, mjibu kweli.

Somo lisizidi dakika 20. Maji ya juu ya ziwa huwa na joto la takribani nyuzi 25 hadi 27, nayo yanaonekana ya vuguvugu, ila bado yana ubaridi kuliko mwili na humpoza mtoto mwembamba upesi. Midomo ikianza kutetemeka, somo limekwisha, kwa kuwa mwili unaotetemeka hauwezi kulegea.

Dalili ya kufaulu: anaelea chali dakika 1 bila kushikwa, uso umetulia, vidole vya mikono vimelegea. Ukiona amekunja ngumi, bado anaogopa.

## Hatua ya 5: Kusimama kutoka kwenye kuelea

Hatua hii ni fupi na karibu kila mtu anaisahau. Mtoto ameelea vizuri, anataka kusimama, hajui namna, anajipinda, anapaliwa kwenye maji ya kiunoni.

Akiwa chali, avute magoti kuelekea kifuani, alete kidevu kwenye kidari, asukume maji kwa viganja kutoka nyuma kuja mbele, kisha ashushe miguu. Akiwa kifudifudi, magoti yaje tumboni kwa namna ileile, viganja visukume maji kwenda chini, na kichwa kiwe cha mwisho kuinuka.

Dalili ya kufaulu: anasimama mara 5 mfululizo bila maji kumwingia mdomoni.

## Hatua ya 6: Kuteleza kuelekea ufukweni

Mtoto asimame kwenye maji ya kifuani kwake, akiangalia nchi kavu. Anyooshe mikono mbele, kiganja kimoja juu ya kingine, avute hewa, aweke uso majini, ajisukume kwa miguu na ateleze huku akiimba "mmmm" yake. Asipige chochote. Aendelee mpaka mwendo uishe, kisha asimame.

Kila mazoezi ya kusonga mbele yafanyike kutoka kwenye kina kuja ufukweni. Mtoto anayefundishwa kwenda ndani humaliza nguvu zake mahali pabaya.

Dalili ya kufaulu: anateleza mita 3 mwili ukiwa umenyooka kama mtumbwi.

## Hatua ya 7: Miguu

Mpe dumu alishike kwa mikono miwili iliyonyooshwa mbele. Miguu ipigwe kuanzia nyonga, magoti yakiwa yamelegea, vidole vikiwa vimenyooka. Mwendo wa "kukanyaga baiskeli" hauna faida, na utauona mara moja: maji yanaruka sana nyuma ya mtoto na dumu halisogei. Mlaze ukingoni, mikono kwenye mchanga, umshike mapaja umwonyeshe kwamba kazi inatoka huko.

Usimwache alikumbatie dumu kifuani. Atalitegemea, na likimponyoka hatajua afanye nini.

Dalili ya kufaulu: anasafiri mita 10 na dumu, akitoa pumzi majini na kuinua kichwa kuvuta hewa pale tu anapohitaji.

## Hatua ya 8: Mikono

Ukifika hapa bila kuruka hatua, mikono inachukua siku chache. Anza na kuogelea kwa mbwa: viganja vinachota maji chini ya kidevu, kimoja baada ya kingine, na kuyavuta hadi tumboni. Mwendo huu hauna haraka ila unamfikisha. Baadaye mfundishe kuzungusha mkono juu ya maji na kugeuza uso pembeni kuvuta hewa, sikio moja likibaki limelala majini. Mtoto akiinua kichwa mbele badala ya kukigeuza pembeni, miguu itazama. Mrudishe kwenye Hatua ya 6 kwa siku moja.

Dalili ya kufaulu: mita 10 bila dumu na bila kugusa chini.

## Hatua ya 9: Kugeuka

Mtoto anaogelea kifudifudi. Ukisema "Lala!", anageuka chali, anaelea, anapumua mara 5, kisha anageuka tena na kuendelea. Rudia hata mara 20 kwa somo moja. Zoezi hili linaunganisha kila alichojifunza, na ndilo litakalomjia lenyewe siku atakayozidiwa.

Akishaweza, afanye hivyohivyo amevaa sare yake kuukuu ya shule. Watoto wengi huanguka majini wakiwa na nguo zao zote, na uzito wa sketi au suruali iliyolowa usimshtue kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Dalili ya kufaulu: anageuka bila kuambiwa anapohisi amechoka.

## Hatua ya 10: Mtihani kwenye kina

Kodi mtumbwi mpana pamoja na mwenye nao anayeaminika, asubuhi tulivu. Mara ya kwanza mtoto aingie majini akiwa na jaketi okozi, ili azoee kutoona chini. Siku nyingine, jaketi likivuliwa, mtu mzima anayeogelea vizuri awe majini tayari kabla yake, na dumu la kamba liwe mkononi mwa aliye mtumbwini.

Mtihani wenyewe una sehemu tano zinazofuatana bila kupumzika: aruke mahali ambapo maji yanamfunika kichwa, aibuke, ajizungushe mzunguko kamili kutafuta ufukwe uko wapi, aelee dakika 1, na aogelee mita 25 mpaka mahali anapoweza kutoka majini mwenyewe bila kuvutwa. Akishindwa sehemu moja, mtihani wote urudiwe siku nyingine. Usimwaibishe mbele ya wenzake.

## Mtoto akizidiwa

Anayezama haiti. Mdomo uko usawa wa maji, mikono inakandamiza maji pembeni, kichwa kimeegemea nyuma, na yote huweza kwisha ndani ya dakika moja. Mtoto aliyenyamaza ghafla majini aulizwe, "Uko salama?" Asipojibu, mfuate.

Nyoosha upondo, au rusha dumu la kamba lipite kichwa chake kisha livute limguse. Kuingia mwenyewe ni njia ya mwisho, na uingie na dumu.

Ukimtoa hapumui, usimning'inize kichwa chini na usimkamue tumbo. Mambo hayo yanapoteza muda na kuleta matapishi yatakayoingia kwenye mapafu. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni, kila moja ikiinua kifua. Asiporudi, bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa kina cha theluthi moja ya unene wa kifua, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, na uendelee hivyo bila kuacha. Mwenzako apige 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, na kutafuta usafiri. Mtoto aliyezinduka apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa, kwa kuwa shida ya mapafu inaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

## Baada ya kutoka majini

Mfute mtoto kwa taulo mara moja, kwa nguvu, hasa miguu na katikati ya vidole, kisha avae nguo kavu na anywe uji. Kufuta haraka kunapunguza vimelea vya kichocho vinavyojaribu kupenya ngozi, ingawa hakumalizi hatari. Ngozi ikiwasha baada ya kuogelea, au wiki chache baadaye akipata homa, maumivu ya tumbo au damu kwenye choo, mpeleke kituo cha afya na useme wazi kwamba anaogelea ziwani. Kichocho kinatibika kwa dawa ya prazikwanteli, inayopimwa kwa uzito au urefu wa mtoto.

Aliyefaulu mtihani bado haendi ziwani peke yake. Kwetu tunaurudia mtihani wote kila kiangazi kinapoanza, maana mwili wa mtoto hubadilika ndani ya mwaka mmoja. Mwanangu wa pili, ambaye sasa ana miaka 12, alirefuka ghafla na miguu yake ikaanza kuzama upya, akarudi Hatua ya 4 kwa wiki mbili pamoja na mdogo wake.